Mistari Minne Chini ya Jiwe

Manga, Nyamira
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Ratemo,

Pokea salamu za kila mtu hapa nyumbani, hata za ng'ombe, ambaye mpaka leo anaangalia njia kana kwamba mimi ninayemkamua si mtu. Sisi ni wazima. Mvua inanyesha kila siku saa nane mchana, majani chai yanachumika, na Mama analalamika goti ingawa jana alipanda kilima kwenda kumwona mgonjwa akarudi kabla sijamaliza kufua.

Utashangaa naandika Kiswahili. Niliambiwa barua husomwa na askari kabla hujapewa, na ikiwa ya Ekegusii inakaa kando mpaka apatikane anayeielewa. Mama aliniuliza, "Sasa utamwandikia ndugu yako kama mtu anayeomba kazi?" Basi na iwe hivyo. Afande unayesoma hii, habari ya kazi. Ukimaliza mpe mwenyewe upesi, tafadhali.

Manasseh ametimiza miaka minne na anakula ugali kumshinda dada yake. Ukimuuliza Tata, baba yake, yuko wapi anasema "Mombasa" kwa sauti kubwa, kama jibu la mtihani. Nyamusi yeye haulizwi na hajibu. Mwalimu wake wa Gredi ya Tatu, ambaye tunakunywa chai pamoja pale shuleni, ananiambia anasoma vizuri lakini wakati wa mapumziko anakaa peke yake.

Sasa neno lililonifanya nikae chini. Juzi nilimkuta chini ya meza ya sebuleni na lile boksi la Krismasi. Alikuwa amewapanga wale wa pangoni wote wanane: Maria, Yusufu, punda, ng'ombe, mchungaji wa kwanza, kondoo, mchungaji wa pili, na yule mbuzi uliyemchonga mwaka jana ukasema Bethlehemu haiwezi kukosa mbuzi. Mmoja kila Krismasi tangu alipozaliwa. Katikati alikuwa ameacha nafasi. Akaniambia, "Shangazi, mwaka huu ni zamu ya mtoto. Tata alisema."

Nami nakumbuka ulisema. Miaka yote mtoto amekuwa gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa, kwa sababu mama yao, Roselyne, alitaka aje mwisho, wenzake wote wakiwa tayari kumpokea. Ulimwahidi Nyamusi mbele yetu sote kwamba mwaka huu gunzi litapumzika.

Ratemo, nimeanza kuogopa. Hoteli ya Mombasa tuliyowaambia unaijenga haiwezi kujengwa mwaka mzima bila fundi kuja nyumbani hata siku ya Krismasi. Watu wa hapa wanajua uliko. Ni watoto tu wasiojua, na watu wamekuwa na adabu hadi sasa, lakini Desemba watakuja wageni kutoka Nairobi na watoto wao wenye midomo. Nadhani umefika wakati wa kumwambia. Niruhusu.

Mama anakusalimu. Anasema kama kawaida yake kwamba tarehe ya Krismasi haikuandikwa popote katika Biblia na kwamba sanamu hazifai katika nyumba ya mtu wa Sabato. Lakini nimemwona akizipangusa vumbi.

Dada yako,
Kemuma


Gerezani
29 Oktoba 2024

Dada Kemuma,

Salamu kwako na kwa Mama na kwa watoto wangu wawili. Barua ilinifikia jana. Nashukuru. Niliisoma mara mbili na ile sehemu ya ng'ombe mara tatu.

Mimi niko salama. Wamenipeleka shamba la mboga, tunalima sukuma na vitunguu. Kifua kilinisumbua mwezi wa tisa lakini kimepona, usimwambie Mama. Mwambie nakula. Mwambie kuna mzee mmoja hapa wa kanisa lake, kila Ijumaa jioni anatukumbusha Sabato imeingia hata kama hatujauliza.

Kuhusu kumwambia Nyamusi, hapana. Nimefikiria sana na jibu ni hapana. Ana miaka minane. Akijua leo, kesho ataingia darasani akiwa mtoto wa mfungwa, na kila atakayemtazama ataona lile pikapu la mawe nililoliendesha. Breki ziliniponyoka dakika moja, Kemuma, dakika moja tu, na yule mama na ndizi zake wakawa pale chini, naye hakuinuka tena. Sitaki mtoto wangu abebe dakika hiyo. Nikitoka nitamwambia mwenyewe akiwa mkubwa.

Lakini ahadi ni ahadi. Fanya hivi. Siku ukiwa na nafasi nenda Tabaka, umtafute Mose. Tulichonga naye kibanda kimoja miaka tisa, mkono wake na wangu haupishani, wanunuzi wenyewe walikuwa wanachanganya kazi zetu. Mwambie akutengenezee mtoto wa kuingia kiganjani, jiwe jeupe, asitumie lile la waridi. Macho awe ameyafumba. Ufunge kwa karatasi, useme imekuja na basi kutoka Mombasa, Tata ametuma.

Hapo atatulia, nawe utapumzika. Nguo zao za Krismasi usisahau. Nyamusi hapendi kola inayokwaruza shingo.

Ndugu yako,
Ratemo


Manga
Jumapili, 24 Novemba 2024

Ratemo,

Salamu. Tumefunga shule, watoto wako nyumbani, wazima. Mama mzima. Mahindi tumevuna.

Nilikwenda Tabaka juma lililopita. Mose hakuniacha mpaka nikamwambia habari zako zote, akaacha kazi ya watu akachonga nikiwa nimekaa pale. Ni mzuri sana, Ratemo, mweupe, amefumba macho, unaweza kudhani anapumua. Alimsugua kwa msasa wa maji mara nne, akampaka nta, anang'aa pande zote.

Nilitaka kungoja Krismasi lakini Nyamusi aliona karatasi kwenye mkoba wangu, ikabidi nimpe. Nilisema ulivyoniambia niseme. Alifurahi.

Tumenunua kitambaa chenye maua kwa ajili ya gauni lake. Kola itakuwa laini.

Kemuma


Gerezani
4 Desemba 2024

Dada Kemuma,

Salamu kwa wote. Mimi mzima.

Barua yako ni ukurasa mmoja. Wewe, ambaye hata ukiomba chumvi kwa jirani unaanza na habari za mvua. Umeandika "Alifurahi", ukaweka nukta, ukaanza maneno ya kola.

Namjua mwanangu. Akifurahi anauliza maswali. Angeuliza nani alileta, basi gani, kwa nini jiwe jeupe, mtoto ataitwa nani usiku na nani mchana. Hujaniandikia swali lake hata moja. Nimeshindwa kulala siku tatu. Nimeomba kutumia simu ya ofisi ya ustawi, nimewekwa kwenye orodha, pengine nitaipata wiki ijayo nizungumze naye.

Niambie alisema nini. Hata kama ni kitu kibaya niambie. Hapa ndani mtu akikosa habari anajitengenezea mwenyewe, na zile anazojitengenezea ni mbaya zaidi.

Ratemo


Manga
Ijumaa, 13 Desemba 2024

Ndugu yangu Ratemo,

Nakusalimu kwa haraka na bila furaha. Kikundi cha maombi cha kanisa la Mama kinakuja huko kwenu kesho kuimba na kuhubiri, na barua hii itasafiri katika mkoba wa Edinah, yule mama kiongozi wa kwaya. Wataingia nayo kwa mlango wa mbele na afande ataisoma kama zote. Ombi langu ni ujibu kesho hiyo hiyo, kabla hawajaondoka.

Nilikudanganya. Hakufurahi. Nilimpa kile kifurushi cha Mose, akafungua karatasi taratibu bila kuichana. Akamtazama mtoto usoni. Kisha akampindua, akaangalia chini, akapitisha kidole. Akamweka mezani akatoka nje. Hakuuliza lolote. Mimi nikajiambia ni haya, ni furaha ya kimyakimya, nikakuandikia vile ili nami niamini.

Juzi Mama alikuwa migombani akitafuta majani ya kufunikia ndizi. Nyamusi akamfuata nyanya yake. Akamuuliza, "Magokoro, Tata atalazwa upande gani wa Mama? Huu au ule?" Mama alidhani hakusikia vizuri. Akamuuliza tena, naye akaonyesha kwa mkono, huu au ule. Mama alirudi nyumbani bila majani aliyoyafuata. Hajawahi kuniita kwa jina langu lote, siku hiyo aliniita.

Nikamtafuta mtoto. Nikamkuta kando ya kaburi la Roselyne. Alikuwa amechimba shimo dogo na kijiko cha jikoni na kuwatia wale wanane humo, wamefungwa ndani ya leso ya mama yake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Tata alienda kama Mama alivyoenda." Nikasema hapana, yuko kazini, si ametuma mtoto? Akasema, "Huyo si wa Tata. Chini hatumo."

Sikuelewa. Akawafukua mwenyewe, akanipindulia mmoja mmoja. Ratemo, nimewapanga hao watu miaka nane na sijawahi kuangalia nyayo zao. Chini hujawasugua, umewaacha na jiwe lao la kukwaruza, na kila mmoja ana mistari. Wanne wa kwanza wana mistari mitatu. Kuanzia mchungaji wa mwaka aliozaliwa Manasseh wana mistari minne. Akanionyesha kwa kidole: "Tata, Mama, mimi, Manasseh." Akanionyesha kondoo, mchungaji wa pili na mbuzi, waliochongwa Roselyne akiwa tayari ameondoka. Bado minne. "Tata hajamtoa Mama," akasema. "Angetuma mtoto angetuweka wote. Hatumo kwa sababu Tata hayupo. Mmenunua kwa mtu."

Nikahesabu mistari tena kwa kidole. Mimi mwalimu.

Sasa ngoja nikuambie nisilolisema tangu 2021. Wewe ulikuwa huna akili siku zile za msiba, na mimi nilimchukua Nyamusi nikamkalisha kwangu Nyamira mjini asione mazishi. Alikuwa na miaka mitano. Nilimwambia mama yake amesafiri hospitali kubwa ya Nairobi. Alipolia sana nikamwachia simu yangu, nikaenda chumba cha pili nikaipigia kwa simu ya jirani, nikasema kwa sauti nyembamba, "Nyamusi, ni Mama, lala, nitakuja." Alilala. Nilijiona nimefanya la maana. Aliporudi hapa akakuta udongo mbichi migombani, Mama akamwambia ni tuta la viazi vitamu. Amengoja viazi hivyo, Ratemo. Jana aliniambia, "Hakikuota hata kimoja." Na akaniambia alijua ile sauti ilikuwa yangu kwa sababu mama yake hakuwa akimwita Nyamusi, alikuwa akimwita Mogaka, jina la babu yake mzaa mama, kwa mzaha wao wawili. Sikulijua jina hilo mpaka jana.

Kwa hiyo usipige simu. Hata ukiimba wimbo wote hataamini. Atasema nimemtafuta mtu wa sauti yako.

Hali ndiyo hiyo. Nyamusi hali chakula vizuri. Manasseh ameacha kusema Mombasa, anasema "kule kwa Mama". Krismasi ni siku kumi na mbili zijazo na hakuna anayetaja mti. Nilikuomba ruhusa mwezi wa kumi ukakataa. Sasa siombi. Tarehe ishirini na tatu, uniruhusu usiniruhusu, nitamwambia baba yake yu hai na yuko jela. Ninachoogopa ni kwamba hata hilo hataliamini, kwa sababu ni mimi ninayelisema.

Nipe kitu, Ratemo. Sijui nini. Wewe ndiye uliyeweka mistari.

Dada yako anayekupenda na aliyekosea,
Kemuma


Gerezani
Jumamosi, 14 Desemba 2024

Dada Kemuma,

Wanaimba uani. Nina muda mpaka mhubiri amalize, na huyu anaonekana hana haraka. Salamu zote weka unavyojua.

Ile mistari sikumwambia mtu yeyote. Hata Roselyne. Nilikuwa naikwaruza mwisho, kabla sijamaliza kazi, kama mtu anayehesabu wanawe wakiingia ndani jioni. Nilidhani ni siri yangu na jiwe. Kumbe mtoto alikuwa anasoma. Na mimi nikakutuma kwa Mose, fundi anayesugua mpaka nyayo. Kosa hili ni langu, usijipige nalo. Lile la simu ni lako, lakini mimi ndiye niliyekuachia mtoto nikaenda kulala kaburini, kwa hiyo hata hilo tugawane.

Katika mkoba wa Edinah kuna kitu kimefungwa kwa gazeti. Fungua wewe kwanza. Nilianza kukichonga siku niliyopata barua yako ya kwanza. Hapa hakuna jiwe, na nyundo na patasi haziruhusiwi mikononi mwetu. Kuna sabuni ya kufulia tunayogawiwa, ile ya kukata vipande. Nimechonga kwa mpini wa kijiko, nimefua nguo kwa maji matupu wiki tano. Wenzangu wananiita Mnuka Jasho. Kilikuwa tayari mwezi wa kumi na moja, lakini nilikificha chini ya godoro kwa sababu sabuni itamfanya aulize, Tata yuko mahali gani pasipokuwa na jiwe? Hofu hiyo ilinishika tangu siku ya kwanza, ndiyo maana kesho yake tu nilikutuma kwa Mose. Niliona aibu ya sabuni.

Afande amekikagua mara mbili, akakinusa, akaniuliza ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Amekiruhusu kitoke.

Chini nimeweka minne. Nimeweka kabla sijasoma barua yako, afande ni shahidi.

Sasa mwambie. Mwambie niko jela, niko hai, nalima vitunguu. Na Kemuma, ukianza kusema kweli usiache nusu, atajua. Nilikuambia wewe na Mama na hakimu kwamba breki ziliniponyoka. Hazikuniponyoka. Nilijua tangu asubuhi kwamba ni mbovu. Mwenye pikapu aliniambia nisipakie jiwe lote. Nikasema nitashuka polepole, nataka kuwahi nyumbani Jumamosi. Yule mama nilimwona kutoka mbali. Nilipiga honi mpaka mwisho, alikuwa anajaribu kuokoa ndizi zake. Nimeyaandika haya afande ayasome, asome yeyote. Nimechoka kuyachukua peke yangu.

Akinichukia ni haki yake. Ila asinizike kwanza.

Wameanza wimbo wa mwisho.

Ratemo


Manga
Ijumaa, 27 Desemba 2024

Ndugu yangu Ratemo,

Tunakusalimu tukiwa tumeshiba, na wengine tumeshiba kupita kiasi, simtaji Mama. Ng'ombe amekubali nimkamue bila kunipiga teke. Mvua ilitupisha siku mbili nzima. Nina mengi na sitaki kuyaharibu kwa haraka, kwa hiyo kaa vizuri kama una mahali pa kukaa.

Edinah alifika Jumapili na kile kifurushi. Nilikifungua jikoni peke yangu. Sitakuambia nilifanya nini, jua tu kwamba chai iliungua. Pua yake ni ya Manasseh. Sijui kama ulikusudia.

Sikungoja tarehe ishirini na tatu. Kesho yake asubuhi tulikwenda na Nyamusi kuchuma majani chai, mimi na yeye tu, kila mtu mstari wake. Nilianza na ile simu. Nilimwambia, "Ile sauti ilikuwa yangu, na tuta lilikuwa la Mama, na tulikudanganya kwa sababu tuliogopa machozi yako." Akaendelea kuchuma. Nikamwambia uko jela. Nikamwambia lile pikapu, breki, yule mama, na kwamba ulijua. Yote, Ratemo, kama ulivyoandika. Nilikuwa nikichuma hata majani magumu yasiyofaa.

Akaniuliza, "Yule mama wa ndizi ana watoto?" Nikasema ndiyo, watatu. Akachuma mpaka mwisho wa mstari. Halafu akasema, "Na wao waliambiwa ni tuta la viazi?" Nikasema sijui. 

Ndipo nikampa lile gazeti. Hakutazama uso kabisa. Alimpindua moja kwa moja. Akaweka kidole gumba, akapitisha mara nne. Akaketi pale pale chini kwenye matope na gauni la shule, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata wale wanaochuma ng'ambo ya bonde wakasimama. Nikaketi naye. Baadaye akamnusa, akasema, "Ni sabuni." Nikasema ndiyo. Akasema, "Amekosa jiwe." Kisha maswali yakaja, Ratemo. Yote. Mnalala wangapi? Kuna Krismasi? Afande ana watoto? Nani anakukata nywele? Vitunguu mnakula nyinyi au vinauzwa? Nilirudi nyumbani kikapu nusu na koo limekauka, na sijawahi kufurahia kuchoka namna hiyo.

Yeye ndiye aliyewaambia Mama na Manasseh, kwa maneno yake. Manasseh alitaka kujua kama jela kuna baluni.

Basi Krismasi tukaifanya. Tulikata tawi la saipras kando ya barabara, tukalipachika kwenye debe la mchanga, tukalivalisha pamba na karatasi za rangi, na baluni kumi na mbili ambazo kufikia saa tano zilikuwa tatu. Niliwasha jiko la chapati alfajiri. Kuku alikuwa yule jogoo mgomvi. Firigisi Mama aliitoa sufuriani akaiweka kwenye sahani peke yake, akaifunika, akasema ni ya mwenye nyumba. Ilikaa pale mchana kutwa. Jioni paka aliila na hakuna aliyemfukuza.

Pango tuliliweka chini ya meza, majani makavu ya migomba kama kila mwaka. Nyamusi aliwapangusa wanane wote udongo, akawaosha, akawapanga, na katikati akamweka mtoto wako. Yule wa Mose hakumtupa. Alimweka nyuma ya ng'ombe, akasema ni mtoto wa jirani amekuja kuona.

Sasa, kosa likatokea, na mwenye kosa ni mimi kwa kutokukaa macho. Baada ya kula tulikuwa nje na wageni. Manasseh alikuwa amesikia kwamba mtoto amezaliwa leo, na anajua watoto wakizaliwa huogeshwa, alimwona jirani akifanya. Akachukua beseni. Nilipoingia alikuwa na mapovu hadi mabegani, anasugua kwa bidii, anasema, "Shangazi, anatoa sabuni mwenyewe!" Nikamnyang'anya. Macho yaliyofumba yamebaki kidogo. Pua ya Manasseh haipo. Nikampindua, na chini palikuwa laini kama pa yule wa Mose.

Nyamusi alikuwa mlangoni. Ratemo, siku zote hizi za hofu, hakuna dakika iliyonitisha kama ile. Nilimnyooshea mikono miwili yenye mapovu.

Yaliyofuata ameyaandika mwenyewe. Barua yake iko ndani ya hii, imekunjwa mara nne. Hataki niisome wala niisahihishe, na mimi kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita ya ualimu nimetii. Aliniuliza tu kwa nini lazima iwe Kiswahili, nikamweleza.

Juma lijalo nitakwenda Tabaka. Nataka kumtafuta mtu wa kunipeleka kwa watoto wa yule mama. Sijui nitasema nini nikifika. Nitaanza na salamu.

Dada yako,
Kemuma


Kwa Tata,

Afande usisome hii ni ya Tata. Kama lazima usome basi soma polepole usirarue.

Tata habari yako. Mimi mzima. Gauni yangu haikwaruzi. Krismasi tulikula chapati, mimi nilikula sita.

Manasseh ameogesha mtoto na mtoto amekuwa mdogo. Usimpige ukija, hakujua. Mistari yote ilitoka. Mimi nilichukua msumari nikachora tena mwenyewe. Nimechora minne. Nilikuwa nataka kuchora tano nimweke shangazi lakini mahali ilikuwa imeisha.

Nilikuwa nimefikiri umekufa. Bado nimekasirika kidogo. Shangazi alisema naweza kukuandikia hivyo.

Tata jela hakuna jiwe lakini hapa liko. Ukitoka uchonge mtoto mwingine wa jiwe, huyu sabuni tutamweka asiguswe na maji. Wale wengine sijawarudisha kwa boksi. Tutawaacha chini ya meza mpaka uje, hata kama ni mwezi wa pili, hata kama ni mwaka mwingine. Nilimuuliza Magokoro kama ni vibaya kufanya Krismasi mwezi ambao si wa Krismasi. Amesema tarehe haikuandikwa mahali popote, kwa hivyo itakuwa siku utakayofika.

Ni mimi,
Mogaka